Dawa ya Kula, Dawa ya Kura

Mkasa huu nausimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuusikia kwa wengine. Hadi leo nikifika Kamukuywa kuna watu wanaonisalimia huku wameshika tumbo, na wakianza kuhadithia wanaongeza chumvi (ati nililia, ati nilimpigia chifu magoti), nami nakaa pale nikitabasamu kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Sikulia. Magoti sikupiga. Lakini yaliyobaki yote ni kweli, na hapo ndipo aibu yangu ilipo, kwa sababu ile sehemu ya kweli ni mbaya kuliko chumvi yao.

Ulikuwa mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya mambo ya mifugo, nikakaa nyumbani muda mrefu kiasi kwamba wazee walianza kunituma dukani kama zamani, ndipo nikapata kazi ya majaribio kwenye mradi mmoja wa utafiti pale Kitale. Bosi wetu alikuwa Daktari Mugo, mtu mpole wa sauti ndogo ambaye hakuwahi kumgombeza mtu, na upole huo ulinikosesha usingizi, maana mtu anayekugombeza unajua umesimama wapi naye, lakini mtu anayekuambia "sawa, Wekesa" kwa kila kitu unaweza kukaa wiki nzima ukijiuliza hiyo sawa ilikuwa sawa ya namna gani.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Wakulima walikuwa wamezoea kununua dawa ya sindano kwenye maduka ya dawa za mifugo na kumdunga ng'ombe kila akikohoa, kila akikataa majani, wengine hata kila akiangalia vibaya. Wadudu wa ugonjwa wakaizoea ile dawa. Mbaya zaidi, dawa ikimwingia ng'ombe haiishii mle ndani, sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo na mavi ikiwa bado na nguvu, inaingia shambani na samadi, mvua ikinyesha inateremka mtoni, na huko wadudu wengine wanaionja kidogo kidogo mpaka wanajifunza kuishi nayo. Daktari Mugo na wenzake walikuwa wametengeneza dawa nyingine, donge jeusi la kulishwa ng'ombe mgonjwa, limeviringishwa kwa molasi na pumba, nalo lilikuwa na sifa moja: likishatoka nje na mavi, jua na unyevu vinalivunja, linakwisha, haliachi kitu kwenye udongo. Kwenye maabara lilikuwa limefanya hivyo. Sasa walitaka ng'ombe wa kweli, wa wakulima wa kweli.

"Kule kwenu Kamukuywa," Daktari akaniambia, "kuna kikundi cha akina mama wa maziwa. Ng'ombe wao wana ugonjwa wa kiwele na sindano haifanyi kazi tena. Ukiwapata hao, tunaanza huko, na kazi yako inaendelea. Usipowapata, mradi utaenda Kachibora, na huko tayari kuna mtu anayejuana na watu."

Nikasema sawa. Hiyo yangu ilikuwa sawa ya hofu.

Mwenyekiti wa kikundi hicho alikuwa Senge Nafula, dada wa baba yangu. Mtu angedhani hilo lingerahisisha mambo, lakini mtu huyo atakuwa hajawahi kukutana na Senge. Nilipohitimu, ukoo mzima ukishangilia, yeye aliniuliza mbele ya wageni kama shahada ya ng'ombe inamaanisha kwamba ng'ombe naye atasoma. Kwa hiyo sikutaka kwenda kumwomba nyumbani kwake kama mpwa. Nilitaka kuita mkutano, wakulima wote waje, nisimame, nieleze kisayansi, Senge anione nikiwa mtu mzima. (Ningeenda tu jikoni kwake nikanywa chai, msingekuwa mnasoma haya.)

Siku ya soko tukatoka Kitale na Land Rover ya mradi yenye kipaza sauti juu, mimi na dereva wetu Kamau, kijana wa Tuwan ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a zamani. Kwa kawaida Kamau ndiye aliyekuwa akitangaza. Alikuwa na sauti nzuri na hakuwa na haya. Lakini njiani nikaanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri ni vigumu kunizuia.

"Utasemaje?" nikamwuliza.

"Si nitasema tu. Dawa mpya ya ng'ombe, ya kumeza."

"Ya kumeza haiwezi."

"Kwa nini haiwezi?"

Nikamweleza kwamba ng'ombe ana matumbo manne, anameza, anacheua, anatafuna tena, anameza tena, sasa ukisema dawa ya kumeza mtu mwenye akili atauliza ni kumeza kupi, kule kwa kwanza au kule kwa pili, na kazi ya mtaalamu ni kutumia neno sahihi.

Kamau akaniangalia mpaka nikamwomba aangalie barabara. "Daktari," akasema (aliniita daktari kwa kejeli, sikuwa daktari), "hakuna mtu Kamukuywa atauliza hiyo swali. Kumeza iko sawa bana. Haina kona."

Nikawaza "ya kunywa", nikaikataa kwa sababu donge halinywewi. Nikawaza "ya kulamba", nikaikataa kwa sababu ingesikika kama peremende. Mwisho nikaamua: ya kula. Dawa ya kula. Fupi, sahihi, ng'ombe anakula. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wa pili, ulioniponza kuliko ule wa kwanza, kwa sababu nilimsikia Kamau akijaribu lile neno polepole, "dawa ya kura, dawa ya kura," nikamwambia kwa upole kwamba kipaza sauti siku hiyo nitakishika mimi.

Sasa niseme ukweli. Mimi ni mtu wa Kamukuywa. Hizi herufi mbili, l na r, kwetu ni kama watoto wa nyumba moja, anayeitwa na asiyeitwa wote wanakuja. Chuoni Nairobi nilichekwa kwa sababu ya kumwambia mtu "rara sarama", nikaapa kwamba halitatokea tena, na tangu siku hiyo kila neno lenye moja kati ya hizo herufi nalikagua kabla halijatoka mdomoni. Basi kutoka Kiminini hadi Kamukuywa nilikuwa nikijifundisha kimoyomoyo: kula, si kura. Kula, si kura. Kula, si kura. Ukijirudia hivyo kwa muda mrefu, naomba mniamini, ulimi unaacha kujua ni lipi lililokuwa limekatazwa.

Tukazunguka soko mara kadhaa, mimi nikitangaza kwa sauti niliyoiona ya kitaalamu: wakulima wote wa Kamukuywa wenye ng'ombe, na hata wasio na ng'ombe, Jumatano waje kwenye josho la ng'ombe, kuna dawa mpya ya kura, haina sindano, ni ya kura tu, na itatolewa bure.

Sikusikia kosa lolote. Nilimwuliza Kamau kama imesikika vizuri, naye akasema, bila ubaya kabisa, "Mimi nimesikia sawa tu."

Mwaka ule, kumbukeni, hakukuwa na neno jingine kwenye masikio ya watu. Kila jioni kulikuwa na gari fulani sokoni na mtu fulani akiomba kura, wengine wakigawa sukari, wengine leso. Vyama vilikuwa vimezaliwa vingi na kila kimoja na alama yake, hiki kina mnyama, kile kina chombo. Kwa hiyo watu waliposikia dawa ya kura, ya bure, na ng'ombe akitajwa tena na tena, hawakuwa na sababu ya kushangaa. Walijua kimetokea chama kingine, na alama yake ni ng'ombe.

Jumatano nilifika pale kwenye josho nikakuta watu wamejaa hadi barabarani. Nilikuwa nimetegemea akina mama wa maziwa na wazee wachache wa kulalamika. Hapo kulikuwa na vijana waliopanda ukuta wa josho, kulikuwa na wanawake wenye vikapu vitupu, kulikuwa na mtu mwenye ngoma. Mtu mwingine yeyote angejiuliza. Mimi, ninayejiuliza hata kama mlango niliofunga nimeufunga, siku hiyo sikujiuliza kitu. Nilisimama nyuma ya Land Rover nikajiambia kwamba kumbe wananchi wana kiu ya sayansi.

Senge Nafula alikuwa mbele kabisa, amekaa kwenye ndoo yake ya maziwa aliyoigeuza chini juu, mikono kifuani. Chifu naye alikuwepo, pembeni, na askari wake wawili. Nilikuwa nimempa habari kwamba kutakuwa na kikao kidogo cha ng'ombe.

Nikaanza.

"Dawa yetu hii ya zamani," nikasema, "tumeitumia miaka mingi mpaka wadudu wameizoea."

"Sema tena," mtu akapaza sauti kutoka kwenye ukuta.

Nikasema tena. Watu wakacheka, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia kigelegele katika maisha yangu.

"Si kwamba ilikuwa mbaya. Ilipoanza ilikuwa nzuri. Lakini sasa unaipiga leo, kesho wadudu wanaamka wamenenepa."

"Wamenenepa kabisa," wakaitikia, na ngoma ikapigwa mara moja.

"Na shida yake kubwa ni hii. Ikimaliza kazi haitoki. Inabaki kwenye mashamba, inabaki kwenye maji tunayokunywa. Ndugu zangu, tunataka dawa ambayo ikimaliza kazi yake inajua kwenda."

Sitaweza kueleza vizuri kelele iliyofuata. Kofia zilirushwa. Kijana mmoja alishuka kutoka ukutani akaja kunibeba mabegani, nikamsihi aniache kwa sababu nilikuwa bado na mambo ya kusema kuhusu kipimo, na nikayasema, nikasema dawa si ya kila mtu, asiyeumwa asipewe, hata kama ni ya bure (hapo walinung'unika kidogo, hasa wale wenye vikapu). Nilimwangalia Senge. Hakuwa anashangilia. Alikuwa ananiangalia kama mtu anavyomwangalia ndama aliyepanda juu ya meza.

Ndipo chifu akaja mbele. Alinyoosha mkono, nikampa kipaza sauti nikidhani anataka kunishukuru. Akakizima.

"Leseni ya mkutano iko wapi?"

"Leseni gani, mheshimiwa?"

"Wewe uliniambia ng'ombe. Mimi nimeona ni kikao ya akina mama, nikakubali. Sasa unasimama mbele yangu unaambia watu ati dawa ya zamani itoke, ati haitaki kutoka. Nani amekutuma? Hiki chama cha ng'ombe ni cha nani?"

Nilielewa yote kwa mara moja. Niliona kituo cha polisi, niliona seli za Nairobi, niliona baba akiuza shamba. Nikasema haraka, kwa sababu haraka ndiyo iliyokuwa imebaki:

"Hapana, mheshimiwa, si siasa. Hii ni dawa ya kura."

"Unaona," chifu akawaambia askari.

"Samahani. Nataka kusema ya kura. Si kura. Kura."

"Amekiri mara tatu," askari mmoja akasema, akanishika mkono wa shati.

Nilijaribu tena, nikaweka ulimi mahali pale nilipojifundisha kuuweka, nikavuta pumzi, nikasema "kura". Sijui nisemeje. Lile neno lilikuwa limefungwa nje ya mdomo wangu na ufunguo umebaki ndani.

Kamau alikuwa amekaa kwenye usukani muda wote huo, mguu mmoja nje. Akatoa kichwa dirishani. "Ni ya kumeza, mzee," akamwambia chifu, kwa utulivu ambao sijamsamehe hadi leo. "Dawa ya ng'ombe ya kumeza. Hii hapa nyuma iko kwa debe."

Chifu akafungua debe. Akatoa donge moja jeusi, kubwa kama ndimu, akalinusa, akanipa.

"Basi meza."

"Mheshimiwa, hii ni ya ng'ombe."

"Kama ni ya siasa hutameza. Kama ni dawa kweli, meza."

Nilisimama pale nimeshika donge nikifikiri, na nitawaambia nilichofikiri ili mnione nilivyo. Nilifikiri kuhusu uzito wa ng'ombe na uzito wangu, nikagawanya. Nilifikiri kama molasi ile ilikuwa imechemshwa. Nilifikiri kwamba kazi yangu yote ni kuwaambia watu wasile dawa bila ugonjwa, na kwamba nikila hapa nitakuwa nimevunja sheria ya kwanza ya mradi mbele ya watu wote niliotumwa kuwafundisha, na nisipokula nitalala ndani kama kiongozi wa chama ambacho hakipo. Askari akakaza mkono kwenye shati. Nikamega kipande, nikala.

Mwanzo ilikuwa tamu. Halafu ikawa kama chaki, halafu kama ulimi umewekwa kwenye betri ya redio. Nikatafuna. Pumba zilikuwa nyingi. Kamukuywa yote ilikuwa inaniangalia nikitafuna, na nilipomeza, koo lilitoa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi barabarani.

Senge Nafula akainuka kutoka kwenye ndoo yake.

"Wekesa. Unaumwa nini?"

"Siumwi, Senge."

"Si umetuambia saa hii asiyeumwa asipewe dawa?"

"Ndiyo, Senge."

"Na wewe umekula."

"Ndiyo, Senge."

"Sawa. Nilitaka tu kujua," akasema, akachukua ndoo yake akaenda.

Hapo ndipo watu walipoanza kucheka, kwanza akina mama, halafu ukuta wote wa vijana, mwishowe askari aliyenishika, nikausikia mkono wake ukitetemeka kwenye shati langu. Chifu hakucheka, lakini aliniachilia. Alisema amewaona wanasiasa wengi, hajaona hata mmoja anayekula kile anachowapa watu, kwa hiyo ni lazima mimi ni mtu wa ng'ombe. Watu wakaanza kutawanyika kwa hasira zao, nami nikawapigia kelele yale yaliyobaki, kwamba kila asubuhi tutahitaji mavi ya ng'ombe kwenye mkebe, yaletwe kwenye gari barabarani. "Nimeacha kupalilia nikuje kusikia mambo ya mavi," mzee mmoja akaniambia usoni. Mwanamke mwenye kikapu akaniuliza kama hata sukari hakuna. Nikasema hakuna. Akaniambia basi nisirudi.

(Safari ya kurudi Kitale nitaipita haraka. Tumbo langu halikuwa na ugonjwa wa kiwele, na dawa ilipokosa kazi ya kufanya humo ndani ikaamua kufukuza kila kitu ilichokikuta. Kamau alisimamisha gari kila nilipomwomba. Kila mara, nikirudi kutoka kwenye mahindi ya watu, aliniuliza kama nimemeza au nimecheua.)

Nilimweleza Daktari Mugo yote, kwa mpangilio, bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaivaa tena, akasema, "Sawa, Wekesa." Usiku huo sikulala kabisa. Nilijua ni Kachibora.

Lakini kabla wiki haijaisha Senge Nafula alikuja Kitale mwenyewe, na wanawake wawili wa kikundi, wamevaa kama watu wanaokwenda kanisani. Hawakutaka chai. Walikaa mbele ya meza ya Daktari, na Senge akaongea kana kwamba mimi sipo, ingawa nilikuwa nimesimama pale nimeshika birika.

"Huyu mtoto wetu anasema mnataka ng'ombe wetu."

"Tunawahitaji, mama," Daktari akasema.

"Na mnataka mavi yao pia, kila asubuhi, kwenye mkebe, tuwaletee kwa gari pale barabarani. Ndiyo?"

"Ndiyo. Kabla ya dawa na baada ya dawa. Bila hayo hatuwezi kujua kama imekwisha."

"Kutoka kwangu hadi barabarani ni kupita soko katikati. Sisi ni watu wa kuuza maziwa. Watu wakituona tumebeba mavi asubuhi, nani atanunua maziwa yetu mchana?"

Hilo hatukuwa tumelifikiria hata mmoja wetu, pamoja na mimi, na mimi nimeshafikiria mambo mengi yasiyo na maana.

"Kwa hiyo tumekaa kama kikundi," Senge akaendelea. "Tumesema ng'ombe tutatoa, maana wanakufa na sindano haisaidii. Lakini huyu ndiye amekula dawa kwanza. Abebe yeye kwanza. Yake. Atoke kwangu, apite soko, siku ya soko, apeleke kwa gari. Watu wakishamcheka yeye watachoka, sisi tutapita."

Nikamwangalia Daktari Mugo kama mtu aliyeanguka kisimani anavyoangalia juu. Nikamwambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba mimi si ng'ombe, kwamba dawa ilishatoka zamani huko kwenye mahindi, kwamba kisayansi mkebe huo hautakuwa na maana yoyote.

"Kisayansi haina maana yoyote," Daktari akakubali. Akafikiri kidogo. "Lakini mama hawa wana ng'ombe, Wekesa. Wewe una nini?"

Sikuwa na kitu. Ndiyo hivyo nililala kwa Senge usiku wa kuamkia soko, na asubuhi nikatoka kwake na mkebe wa maziwa ya unga mkononi, umefunikwa kwa karatasi ya nailoni na kufungwa kwa uzi wa katani. Nilikuwa nimejiandaa kuufunga kwa gazeti ili ufanane na kitu kingine, Senge akalichukua gazeti, akasema sisi hatutakuwa na gazeti.

Njia nzima nilijiuliza niushike kwa mkono upi. Wa kulia ndio wa kusalimia, wa kushoto ungeonyesha kwamba najua nimebeba nini. Nikabadilisha mara nyingi, kila nikibadilisha watu wanaangalia zaidi. Kwetu huwezi kuvuka soko bila kushikana mikono na nusu ya watu, utaambiwa umekuwa na maringo tangu uende Nairobi. Siku hiyo hakuna aliyenipa mkono. Walinisalimia kwa mbali, kwa heshima kubwa mno, wamesimama nyuma ya mafungu yao ya nyanya na mboga.

"Wekesa, habari ya nyumbani."

"Nzuri, mama."

"Na hiyo ni ya mradi?"

"Ni ya mradi."

"Haya, mwanangu. Kazi ni kazi."

Wachuuzi wa mitumba waliacha kuita wateja. Mwuza samaki alivuta kitambaa akafunika samaki wake. Yule askari wa chifu alikuwa kwenye mlango wa hoteli na kikombe cha chai, akakiweka chini, akanipigia saluti, na hoteli nzima ikatoka nje kuona anampigia nani, na hapo soko zima likaangua kicheko. Nilitembea. Kichwa kilikuwa kimejaa mambo ya kusema, maelezo, hesabu, na kwa mara ya kwanza sikusema hata moja, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo tu lazima kutakuwa na l au r mahali fulani.

Nilipofika mwisho wa soko, karibu na Land Rover, nilisikia nyuma yangu kicheko kimekatika. Nikageuka. Senge Nafula alikuwa anakuja na mkebe wake wa mavi ya ng'ombe, ameushika mbele ya tumbo kwa mikono miwili kama sadaka, na nyuma yake akina mama wa kikundi wakiwa kwenye mstari, kila mmoja na mkebe, hakuna gazeti, hakuna anayeangalia pembeni. Soko lilikuwa limeshachoka kucheka. Mtu mmoja alijaribu tena, akajikuta anacheka peke yake, akaacha.

Nilisimama nikiwaangalia, na nadhani nilikuwa karibu kusema jambo.

"Songa, Wekesa," Senge akasema. "Unazuia watu."

Nikasonga. Ng'ombe wao waliingia kwenye mradi, mimi nikabaki kazini hadi mradi ulipoisha. Ile dawa iliwaponya wengi wao na kwenye samadi ikakwisha kama Daktari alivyosema, ila kuitengeneza kulikuwa ghali na haikufika dukani, na watu wakarudi kwenye sindano, jambo linalonikera hadi leo kuliko hata yale mapito ya sokoni. Tangu wakati ule nimefanya kazi na wakulima sehemu nyingi, na nimeweka nadhiri moja tu. Nikiwa na jambo la kuwaomba watu, naenda jikoni kwao, nakunywa chai niliyopewa, naomba. Mkutano siiti tena, hata nikilipwa.